Kiti Kimoja cha Kwenda Muheza

Kaeni vizuri, na anayetaka maji akanywe sasa. Nikikatizwa sirudii.

Mjane mmoja wa Korogwe, Mama Saumu, aliishi na watoto watatu wakubwa. Hidaya alijaliwa masikio: mtu akiingia uani, humjua kwa mlio wa ndara zake. Mbaraka alijaliwa kumbukumbu: jambo aliloliona mara moja, hata utotoni, halimtoki. Tunu alijaliwa mikono na moyo: aliendesha trekta kwenye shamba la mkonge, na hakuna usukani uliowahi kumtisha.

Dada yao Saumu aliolewa Muheza, na siku ya kisa hiki mwanawe alitimiza siku arobaini. Desturi ya ukoo wao ni kwamba mtoto hunyolewa akiwa amepakatwa na ndugu wa mama yake, na aliyempakata huwa mzazi wake wa pili maisha yote. Kunyoa ni kabla ya adhuhuri. Upande wa mama wasipofika, upande wa baba wanampakata wenyewe.

Wote watatu walimtaka mtoto huyo. Lakini kiti cha nyuma cha gari lao alikaa bibi yao na mguu wake uliovunjika, wenye plasta, pamoja na gunia la mchele na sufuria. Mama yuko kwenye usukani. Kikabaki kiti kimoja, na basi la kwanza lingefika Muheza baada ya swala ya adhuhuri.

"Mtaamua gari likiwaka," mama aliwaambia.

Halikuwaka.

Saa mbili asubuhi alizungusha ufunguo. Injini ikakoroma, isishike. Akarudia, akarudia tena. Jirani, Mzee Kivugo, akaja na kikombe chake cha chai, akasema ni plagi. Plagi nne zikafunguliwa, zikapigwa msasa, zikarudishwa. Injini ikakoroma vilevile.

"Basi ni mafuta machafu," akasema Mzee Kivugo, akaenda kuongeza chai.

"Tumeshafika Muheza?" bibi akauliza kutoka nyuma.

Ndipo Hidaya akatoka ndani, alikokuwa amenuna tangu alfajiri kwa sababu ya kiti hicho hicho.

"Mama, usiwashe. Zungusha ufunguo nusu tu, na wote nyamazeni. Mnasikia nini?"

"Hatusikii kitu."

"Ndiyo hivyo. Siku zote pampu ya mafuta huvuma kidogo hapo chini ya kiti cha nyuma. Leo haivumi. Mafuta hayafiki kwenye injini."

"Na tangu saa mbili ulikuwa wapi?"

"Hamkuniuliza."

Mzee Kivugo akasema pampu zinauzwa Tanga mjini, labda kesho. Mama akaegemea mlango wa gari, akafumba macho.

"Pampu inaweza kuwa nzima," Mbaraka akasema taratibu. "Baba alifunga swichi ya kuikatia umeme, wezi wa magari walipozidi. Nilikuwa na miaka tisa, nilimshikia tochi."

"Swichi gani?"

"Ya siri. Aliniambia nisimwambie mtu."

"Nimeliendesha gari hili miaka kumi na mmoja tangu tumzike, Mbaraka. Mimi ni mtu?"

Mbaraka akafungua mlango wa nyuma. Akainua mguu wa bibi polepole, akasogeza gunia, akafunua kapeti. Kiswichi kilikuwa hapo, kimebonyezwa na mchele. Akakirudisha. Mvumo ukasikika, hata Mzee Kivugo aliusikia.

Mama akazungusha ufunguo. Likalia "ka," likanyamaza. Betri ilikuwa imekwisha kwa kuzungushwa asubuhi nzima.

"Mngelisukuma," akasema Mzee Kivugo, kwa utulivu wa mtu asiyesafiri, "lakini limeelekea ukutani, na mteremko uko nyuma."

Tunu akafungua mlango wa dereva. "Shuka, mama."

"Unataka kufanya nini?"

"Rivasi nayo ni gia."

Wakasukuma kutoka mbele: Hidaya, Mbaraka, mama na kanga yake mpya, na Mzee Kivugo aliyeweka kikombe chini kwa mara ya kwanza. Gari likashuka kinyumenyume, bibi akitoa shahada, likaukosa mtaro kwa upana wa kiganja. Tunu akaachia klachi. Likashtuka, likawaka. Ilikuwa saa nne na nusu.

Mama akarudi kwenye usukani. Mikono mitatu ikashika mlango mmoja.

"Nisingesikia," Hidaya akasema, "mngekuwa bado mnapiga plagi msasa."

"Kusikia kwako kungetupeleka Tanga kununua pampu," akasema Mbaraka.

"Na swichi yako ingevuma mpaka betri ioze," akasema Tunu. "Nani amewasha gari?"

"Na nani alipakia gunia juu ya swichi?" akauliza Mbaraka, ambaye hasahau.

Tunu, aliyelipakia, akalitazama gunia.

"Mimi nauliza nani anapanda," akasema mama. "Tukianza kuhesabu makosa, nitakwenda na Mzee Kivugo."

Hakuweza kuzima gari ili asikilize kesi. Mguu uko kwenye mafuta, na Muheza upande wa baba wameshatandika mkeka. Hidaya alisikia, lakini alinuna mpaka betri ikaisha. Mbaraka alikumbuka, lakini alificha miaka yote hiyo. Tunu aliliwasha, lakini mzigo wake ndio uliolizima. Angekosekana mmoja wao, gari lingekuwa uani hadi leo.

Semeni ninyi sasa, na msichelewe, maana adhuhuri haingoji. Mlango ule ungekuwa mkononi mwako, ungemfungulia nani?