Orodha ya Kila Jumatatu

Hii imenifikia kutoka kwa mtu anayefundisha chuo, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Kama nyumbani kwenu kuna anayetafuta mada ya utafiti wa shahada ya uzamili, hasa ya kompyuta, mpe aisome kabla hajajaza fomu.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa chuo fulani huko nyanda za juu, akiitwa Anyelwisye. Akili alikuwa nazo, uvivu pia alikuwa nao. Wenzake wote walikuwa wameshapitishiwa mada. Yeye msimamizi wake, Dakta Kihwele, alikuwa amemrudishia tatu.

"Hizi ni mada za kila mtu," Dakta alimwambia. "Niletee swali linalokunyima usingizi. Mwisho ni Ijumaa."

"Sawa, Dakta."

Usingizi wenyewe Anyelwisye alikuwa akiupata vizuri tu. Basi akafanya wanachofanya wengi, tusidanganyane: akaenda maktaba ya idara kutafuta tasnifu ya zamani, abadilishe jina la chuo, mwaka na jina la mwandishi.

Kwenye rafu ya chini kabisa alikuta moja yenye jalada jeusi, haina mhuri wala saini. Mada yake ilikuwa mfumo wa kubashiri wanafunzi watakaoacha masomo. Nyuma ya jalada kulikuwa na sidii yenye programu nzima.

"Mama, aliyeandika hii yuko wapi?" akamuuliza mtunza maktaba, Bi Tulinave.

Bi Tulinave aliitazama bila kuigusa. "Huyo hakumaliza. Alikuja siku moja kuulizia matokeo yake, akakaa pale dirishani mpaka tunafunga. Hatukumwona tena."

"Maskini," alisema Anyelwisye, na huku ameshaitia kwenye mkoba.

Ijumaa Dakta Kihwele aliisoma ile mada akafurahi. "Hii sasa ina uzito. Lakini unaielewa?"

"Naielewa, Dakta."

Hakuwa amefungua hata ukurasa mmoja wa ile programu. Aliiweka kwenye kompyuta ya maabara, akaiunganisha na faili la idara lenye majina ya darasa lao, alama zao na namba zao za simu. Ikawa kila Jumatatu saa nne asubuhi inatoa orodha yenyewe.

Jumatatu ya kwanza ilitoa jina moja: Sekela.

Sekela alikuwa akikaa naye meza moja. Alikuwa mwalimu wa sekondari aliyeomba ruhusa kazini aje kusoma, na ndiye aliyekuwa akimwelekeza Anyelwisye hesabu zilipomshinda. Kila siku alifika wa kwanza. Anyelwisye alicheka moyoni. Mfumo umeanza kwa kuchemsha, alijiambia.

Alipogeuka, Sekela alikuwa anasoma simu yake. Aliisoma mara mbili, akailaza kifudifudi juu ya meza. Wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu.

Jumatatu ya pili yalitoka majina mawili. Ya tatu halikutoka jina. Ya nne likatoka moja, ya tano moja. Wote waliotajwa hawakumaliza wiki mbili darasani. Hakuna aliyeaga.

"Watano kati ya watano!" Dakta Kihwele alisema, akimpiga begani. "Kijana, hii tutaipeleka kwenye kongamano."

Anyelwisye alitabasamu. Lakini alianza kuziogopa Jumatatu. Darasani waliobaki walijisogeza upande mmoja, na hakuna aliyekalia viti vya walioondoka. Kila ilipopita saa nne alimwona mtu akitoa simu, akisoma, akiigeuza kifudifudi. Alitaka kuuzima ule mfumo, lakini zilibaki wiki tatu awasilishe, na bila mfumo hana shahada. Akauacha.

Jumatatu ya sita lilitoka jina moja: Anyelwisye.

Alikaa akilitazama. Kabla hajainuka kwenye kiti, simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe ulikuja kwa jina la idara.

"Mfumo umebaini kuwa hutamaliza masomo yako. Usijibu ujumbe huu."

Aliusoma mara ya pili. Ujumbe ukitoka ofisini, nani kwetu anabisha? Aliamini. Akakumbuka kila mtihani alioponea chupuchupu na kila hesabu aliyoelekezwa, akaona aibu, akaanza hata kufikiria atawaambia nini nyumbani. Kisha akatambua kwamba ameilaza simu kifudifudi.

Akaifungua ile programu na kuisoma kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa imeandikwa vizuri, maskini. Mwandishi wake alitaka ujumbe uende kwa mshauri wa wanafunzi, ili amwite mhusika na kukaa naye. Siku ya kuiweka, pale ilipouliza namba ya mshauri, Anyelwisye alikuwa amejaza namba za wanafunzi wenyewe. Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Kila wiki mwalimu mmoja alileta matokeo ya somo lake, na karibu kila mara kulikuwa na karatasi moja au mbili ambazo bado hazijasahihishwa. Programu ilikataa nafasi tupu. Ili isimsumbue, alikuwa ameiamuru ijaze sifuri kila ilipokuta pengo.

Kwa hiyo hakukuwa na ubashiri wowote. Watu waliambiwa na ofisi kwamba wameshindwa, nao wakaondoka.

Aliuzima mfumo mchana uleule. Kesho yake asubuhi alienda ofisi ya usajili, kisha akapanda basi kwenda Tukuyu. Alimkuta Sekela kwenye shule anayofundisha, ofisini kwa walimu, amerudi kazini kabla ya muda, anasahihisha madaftari.

"Kaka Anye! Karibu, karibu sana." Alifurahi kweli, na hilo lilimuumiza Anyelwisye kuliko kufokewa. "Afadhali umekuja. Wewe uko karibu na idara, hebu niulizie, nilikosea wapi? Nimejibu ule ujumbe mara nne, unakataa kwenda."

"Hukukosea popote, dada. Alama zako zilikuwa hazijaletwa. Nafasi ilikuwa tupu, ikajazwa sifuri."

"Ikajazwa na nani?"

Alitaka kusema kompyuta. "Na mimi," alisema. "Karatasi yako imeshasahihishwa. Una A."

Sekela aliweka kalamu chini. "Usajili wa muhula ulifungwa Ijumaa."

"Najua. Nimetoka kuwaomba leo asubuhi. Wanasema mpaka mwakani, na uanze upya."

"Shule hawatanipa ruhusa mara ya pili."

Sekela alivuta daftari lingine, akalifungua, akabaki ameliangalia bila kusahihisha.

"Na wale wanne," akauliza taratibu, "umeshawaambia?"

"Nimewapata watatu."

"Na wa nne?"

"Simu yake imezimwa tangu siku ile. Nimewapigia nyumbani kwao. Wanasema wao wanajua yuko chuo."

Funzo: Usichague kazi kwa sababu ni nyepesi kumalizika. Chagua ile ambayo uko tayari kuisoma mpaka mwisho na kuieleza mbele ya mtu itakayemwangukia, kwa maana usichokielewa kikiumiza watu, aliyeumiza ni wewe.