Nani Amwite Mpiga Gitaa

Hapo zamani, na sisemi ile zamani ya sungura kuzungumza, nasema zamani ya suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vyenye soli nene, palikuwa na bendi katika mji wa reli wa Kilosa. Bendi ikiitwa Chemchemi Jazz. Kaeni vizuri basi. Na wewe mwenye simu, izime, maana mimi sipendi kushindana na simu.

Mbele ya bendi hiyo alisimama Mwinjuma. Nasema alisimama, sisemi aliimba tu, kwa sababu waimbaji nchi hii tunao tele. Mwinjuma akishika maiki, hata mwanamke aliyekuja kumsaka mumewe aliyetoroka nyumbani anasahau kilichomleta, anacheza kwanza, mume baadaye. Watu wa Kilosa walikuwa na neno lao. Walisema fulani anaimba, fulani anacheza, lakini Mwinjuma anajaa mbele.

Nyuma yake alikuwepo Salehe, mpiga gitaa la solo. Sasa hapa tegeni masikio. Bendi ile ilikuwa na desturi moja. Wimbo ulianza polepole, maneno yakaimbwa yakaisha, ikaja sehemu ya mwisho ya kuchezwa, ambayo wenyewe waliiita chemko. Chemko halikuanza mpaka mwimbaji wa mbele amwite mpiga solo kwa jina lake. Akiita "Salehe", Salehe anaingia na ukumbi unasimama wote. Asipoita, Salehe anangoja, hata kukikucha. Na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuita, ila aliye mbele.

Mwaka huo mabaya mawili yakafuatana. Koo la Mwinjuma likaharibika, daktari akamwambia, ukiendelea kuimba utabaki bubu. Hawajakaa sawa, Salehe akashikwa na homa, akafariki. Mji ukaanza kusema Chemchemi imekauka. Wengine walisema kwa uchungu, na wengine, mnawajua, walisema huku wakitabasamu.

Mwinjuma akakataa. Akatafuta mpiga solo mwingine, akampata Dodoma, mtu mzima, mpole, jina lake Hamza. Kisha akawakusanya waimbaji wake watatu, wale waliokuwa wakimwitikia miaka yote, akawaambia kwa sauti ya kukwaruza iliyomsalia.

"Arobaini ya Salehe ikipita, tunapiga bugi, dansi letu la mchana, siku ya Jumapili. Bugi likifana, bendi ipo. Likivunjika, navirudisha vyombo kwa aliyetukodisha na kila mtu arudi kwao. Bugi likiisha nitasema nani anakaa mbele. Mbele ni pa mtu mmoja, msije mkaniambia habari za zamu."

Wa kwanza katika hao watatu ni Kondo. Mrefu, mwembamba, mwenye haya. Ukimsalimia anakujibu huku anaangalia viatu vyako. Lakini mpe wimbo. Akiimba alifumba macho, na ile sauti ilikuwa inakuingia kifuani hata kama ulikuja na hasira zako.

Wa pili ni Zaituni. Sauti yake ya kawaida, na mwenyewe alikuwa akisema hivyo kabla hujamsema. Ila Zaituni akiwa jukwaani anamwona kila mtu. Anajua nani kanuna, nani viatu vinambana, nani anamkodolea macho mke wa nani. Hafumbi macho hata akipiga chafya.

Wa tatu ni Pazi. Pazi mdomo. Maneno yake hayakauki, vichekesho havimwishii, na anapenda kuonekana kupita kiasi. Tazama picha za harusi za Kilosa za miaka ile, hata za watu asio na undugu nao, utamkuta Pazi yupo katikati, karibu na bwana harusi.

Na wote watatu waliitaka nafasi ile. Waliitaka mpaka wakawa hawakopeshani hata kiberiti.

Jumapili ikafika. Ukumbi ukajaa, wengine wamekuja kucheza, wengine wamekuja kuzika bendi. Kabla muziki haujaanza akaingia Bi Mwanahawa, mama mzazi wa Salehe. Tangu msiba mama yule hakuwa ametoka nyumbani kwake kwenda penye watu. Wakampisha, akakaa kiti cha mbele kabisa, akasema, "Nimekuja kuusikia wimbo wa mwanangu, halafu nirudi."

Wimbo wenyewe ulikuwa wa treni inayochelewa, Salehe aliutunga mwenyewe. Mwinjuma akamwashiria Kondo aushike.

Kondo akafumba macho, akaimba. Aliimba nini nyie. Hata wale waliokuja kuzika wakaacha kutafuna karanga. Wimbo ukapanda, maneno yakaisha, ikafika sehemu ya kuita. Na Kondo, macho yamefumbwa, yumo ndani ya wimbo mzima mzima, akaita kama alivyozoea kusikia siku zote.

"Salehe!"

Ukumbi ukakaa kimya. Hamza hakugusa uzi. Msimcheke, Hamza alifundishwa desturi akaishika, na hapo alikuwa hajaitwa yeye. Drams zikasita, besi likafuata, ridhimu ikabaki peke yake kidogo, nayo ikaona haya ikanyamaza. Bi Mwanahawa akainamisha kichwa.

Kondo akafumbua macho. Sasa angeweza kusingizia. Angesema amemwita marehemu kwa heshima, na watu wangepiga makofi. Hakusema hivyo. Alisema kwenye maiki, "Nimekosea. Ulimi umemwita niliyemzoea. Mama, nisamehe." Kisha, bila chombo hata kimoja, akaanza kuimba gitaa. Ndiyo, gitaa. Ile solo ya Salehe, mlio kwa mlio, kwa mdomo mtupu, pale alipopandisha, pale alipovuta, pale alipokuwa akichelewa makusudi ili wachezaji wakose hatua. Alikuwa ameisikia miaka yote akiwa amesimama kando yake. Watu wakalia, na mimi ningelia.

Lakini hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa sababu ukumbi ukishalia vizuri unataka kwenda nyumbani. Wanawake wakaanza kujifunga kanga zao. Wanaume wakaanza kutafuta kofia. Nani atacheza tena baada ya kilio kama kile? Kondo alimaliza, akarudi nyuma akijifuta uso, na watu wa mwanzo wakaelekea mlangoni.

Zaituni akawaona. Akaruka chini kutoka jukwaani. Nanyi mjue Mwinjuma alishawahi kumfukuza mpiga tarumbeta kwa kushuka kunywa maji wimbo haujaisha. Zaituni akashuka hivyo hivyo, akapiga magoti mbele ya Bi Mwanahawa.

"Mama, umetukasirikia?"

"Sijakasirika, mwanangu. Nimesikia Salehe akiitwa, na hakuna aliyeitika. Ndilo lililonichoma."

"Basi tuache, mama?"

Bi Mwanahawa akainua kichwa. "Mkiacha nitarudi na ukimya huu nyumbani. Na kule ninao wa kutosha."

"Simama na mimi, basi. Mpaka wewe useme tukae, mimi sirudi kule juu."

Akampa mkono. Mama akasimama, wakabaki wameshikana mikono katikati ya ukumbi. Wale waliokwisha kufika mlangoni wakageuka. Mama wa marehemu kasimama anangoja muziki, wewe unakwenda wapi? Wakarudi mmoja mmoja, wengine wakijifanya walikuwa wanapunga upepo.

Sasa ukumbi umerudi, lakini kule jukwaani mambo yameharibika. Hamza amevua gitaa begani. Anamwambia Pazi kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, bendi hii ina mpiga solo wake. Mimi nimekuja kukalia kiti cha marehemu, na watu hawataki. Acha niwahi treni."

Fikirieni hapo Pazi alipo. Maiki ipo mbele, haina mtu. Kondo amerudi nyuma, Zaituni yuko chini. Ukumbi mzima unatazama jukwaa, unangoja mtu. Pazi maisha yake yote alikuwa akiisubiri dakika ile. Akaichukua maiki, na waliomfahamu wakaguna, wakasema haya, Pazi huyo.

Pazi akaibeba maiki akaipeleka nyuma, akaisimamisha mbele ya Hamza. Yeye mwenyewe akakaa pembeni.

"Jamani," akasema, "Salehe tumemzika na tutazidi kumlilia. Lakini huyu hapa mnamwona? Ametoka kwao akatufuata sisi. Tangu amefika mnamwita yule, yule mgeni, yule wa Dodoma. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina. Muulizeni basi, anawasikia."

Watu wakacheka kwa aibu. Kisha wakauliza, kwanza wachache, halafu wote. "Unaitwa nani?"

"Hamza," akajibu, na sauti yenyewe ilikuwa ndogo.

"Mmesikia," akasema Pazi. "Mwiteni aje."

Ukumbi ukaita. Nasema ukumbi, siyo Pazi. Ukaita "Hamza", na Hamza akavaa gitaa lake akaingia. Hakupiga solo ya Salehe. Alipiga yake, ya huko alikotoka, na lile chemko halikushuka mpaka muadhini alipoanza kusafisha koo. Bi Mwanahawa alicheza. Alicheza huku analia, Zaituni kamshika mkono, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Bugi likaisha, bendi ikapona. Hakuna aliyeondoka, kwa sababu lilikuwa limebaki lile jambo. Mwinjuma akawasimamisha watatu wale mbele yake, akasema, "Jisemeeni."

Kondo aliinua uso, jambo ambalo Kilosa ilikuwa haijaliona. "Naitaka nafasi hii, na leo sioni haya kusema. Watu wanakuja kusikia. Bila sauti, huyo wa mbele ni mpiga porojo aliyesimama mahali pa juu. Nilikosea, nikakiri mbele ya wote, na lile pengo nililolifungua nililijaza kwa koo langu mwenyewe. Nani mwingine angeliweza?"

Mpiga drams akadakia, "Na nani mwingine angelifungua? Unaimba macho yamefumbwa. Watu walikuwa wanaondoka, wewe uko kwenye wimbo wako."

Zaituni akasema, "Mimi sauti sina, msinipoteze muda kunikumbusha. Lakini Kondo aliimba, na watu wakajifunga kanga. Wa mbele ni yule anayewajua walio mbele yake. Niliwaona wanatoka, nikajua wote hawa wanamtazama mama, na mama akisimama watasimama. Ukumbi ukiwa mtupu, mtamwimbia nani, viti?"

Mpiga besi akasema, "Ulituacha juu peke yetu, dada. Hamza alivua gitaa wewe umetupa kisogo. Tungekuwa na ukumbi uliojaa na bendi iliyokwisha."

Pazi akacheka kwanza, hawezi kuanza bila kucheka. "Mimi ninapenda kutazamwa, mnajua nyote, na mama yangu anajua. Leo nilipata watu wote wananitazama, nikawapa Hamza. Wa mbele anaibeba bendi mgongoni. Hawa wawili waliushughulikia wimbo na waliushughulikia ukumbi, na mwenzetu alikuwa anakwenda zake stesheni. Nimemrudisha mimi."

Mzee wa ridhimu akatikisa kichwa. "Kuita ni kazi ya wa mbele peke yake. Wewe umeigawa kwa watu wa mtaani kama pilau. Kesho kila mlevi ataita anapotaka."

Ukumbi ukawaka. Wengine Kondo, wengine Zaituni, wengine Pazi. Bibi yangu alikuwa pale, yeye ni wa Zaituni mpaka kaburini. Babu yangu alikuwa wa Kondo. Walioana watu wale wakazaa na kulea, na ukilitaja jambo hili mezani mmoja alikuwa anahamia na sahani yake barazani. Mimi nami ninaye wangu, na hamtanitoa jina.

Mwinjuma aliichukua maiki, akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa anawapenda wote watatu, na ungeliona hilo usoni mwake. Ndipo Bi Mwanahawa akamsogelea.

"Mwinjuma," akasema, "Salehe aliniambia siku moja, mama, mimi vidole vyangu havifanyi kazi mpaka Mwinjuma aniite. Huyu Hamza naye ni mtoto wa mtu. Usimpe mtu wa kumwita ovyo. Jumapili ijayo atakapokuwa amesimama hapo, akingoja, nani atamwita?"

Mwinjuma akamtazama Kondo, aliyeujaza ukimya kwa sauti yake. Akamtazama Zaituni, aliyewarudisha watu kutoka mlangoni. Akamtazama Pazi, aliyeishika maiki akampa mwenzake. Maiki ni moja, na mkono wake umeshanyooka.

Haya, mimi nimemaliza yangu. Nyie mliokaa mkinitazama, kama mkono ule ungekuwa wako, ungempa nani?