Ngiri Aingiaye Kinyumenyume

Paukwa!
Pakawa!
Na wewe uliyejibanza mlangoni, paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, Ngiri aliishi na wanawe katika shimo la Muhanga, mla mchwa. Muhanga alichimba, akahama. Ngiri akaingia, akatandika nyasi, akalea. Kila alipomwona alimwambia, "Kaka Muhanga, ahsante. Wanangu wanalala pakavu."

Kiangazi kikaja. Maji yakakauka. Ngiri akachukua watoto, kwata kwata, wakaenda mto wa mbali. Mvua iliponyesha wakarudi. Loo! Ndani mna Fisi, anakoroma khoo, khoo!

"Bwana Fisi, hapa ni kwangu!"

"Ulihama, mama. Aliyemo ndiye mkaazi."

Ngiri akawatazama wanawe. Chui yuko jirani, watoto walale wapi? Akaenda kwa Kongoni, hakimu wa nyika. Wanyama wakakusanyika.

Fisi akaonyesha nyayo za Ngiri za zamani, mle shimoni mvua isimofika. "Tazama, hakimu! Zote zinatoka. Hakuna hata moja inayoingia. Huyu aliondoka jumla!"

"Kweli bwana!" wanyama wakanong'ona. Ngiri machozi yakamlengalenga.

Mara Muhanga huyo, chapa chapa topeni, macho mazito, maana mchana yeye hulala. "Hakimu, mwambie Ngiri aingie kwake, uone!"

Fisi akatolewa. Ngiri akageuka, akatanguliza matako, akarudi nyuma, churuu, ndani! Nyayo zikaelekea nje. Wanyama walicheka mpaka wakakaa chini.

"Ndivyo niingiavyo," akasema Ngiri. "Adui akinifuata, akutane na meno."

"Na ulipoondoka, nia yako ilikuwa nini?" akauliza Kongoni.

"Kurudi. Nyasi zetu za kulalia si hizi hapa?"

"Nawe Muhanga uliyechimba, hulitaki?"

"Mimi nilihama, sirudi. Kwangu sasa ni kule vichuguuni."

Kongoni akahukumu. "Mkaazi si aliyechimba, wala aliyekutwa ndani leo. Mkaazi ni aliyepafanya makao yake, na akisafiri, nia yake ni kurudi. Fisi, nenda zako!"

Ngiri akapiga magoti mbele ya Muhanga. "Kaka, ulinipa shimo. Leo umenipa kwetu."

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: safari haimwondolei mtu makao yake, na aliyekutetea ukabaki na kwako, usimsahau. Mpaka leo ngiri hula kapiga magoti. Wengine husema anatafuta mizizi. Mimi nasema anashukuru.

Hadithi yangu naiacha hapo, mlangoni kwa Ngiri.