Mgeni Asiyeyeyuka

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitikia na muhogo mdomoni? Meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa hawajachoka kusema na sisi, palikuwa na mji mdogo wenye bwawa moja. Wote walinywa humo: Waswahili, Wahindi, ng'ombe na bata. Kando ya bwawa aliishi mjane wa Kihindi, jina lake Sukhadabai. Hana mume, hana mtoto, ana masufuria yanayong'aa.

Kila mwaka Sukhadabai alipata mgeni. Mgeni mwenyewe ni Ganesha, yule mungu wao mwenye kichwa cha tembo na tumbo la kushiba, na miguuni pake hukaa panya, ndiye kipando chake. Wahindi wa mji ule walichimba udongo bwawani, wakafinyanga sanamu yake, wakaipaka manjano, wakaikaribisha nyumbani siku zote za sikukuu. Basi nyumba ya Sukhadabai ikajaa. Huyu anapiga ngoma, yule anaimba, na jirani yake Mwanakombo yuko uani anamkunia nazi ya kutia kwenye modaki, vile vitamutamu vya unga wa mchele na sukari guru.

Sikukuu ikiisha, mgeni husindikizwa bwawani. Mlangoni humgeuza aitazame nyumba mara ya mwisho, wakamwambia, "Nenda salama, mwakani uwahi kuja." Kisha majini. Udongo unayeyuka, mgeni amefika kwao, na mwenye nyumba huchota konzi moja ya tope, akarudi nalo nyumbani liwe ahadi.

Lakini Sukhadabai hakuweza kutazama. Kwanza yalikwenda masikio, halafu mkonga, halafu lile tumbo. Akirudi, nyumba kimya, hata mjusi akitembea unamsikia.

Mwaka mmoja akasema moyoni: huyu wa safari hii hayeyuki. Akaagiza sanamu ya jasi kutoka mji wa mbali, ngumu kama jiwe, imepakwa rangi za mafuta, nyekundu na buluu na ya dhahabu. Siku ya kuaga akaipitisha mlangoni mbiombio. Hakuigeuza, hakusema neno. Akaitia bwawani, ikazama hadi kifuani, ikatua.

"Nitamwona kila nikija kuteka maji," akasema, akaenda zake anaimba.

Mwanakombo akamuuliza, "Shoga, mbona mgeni wako kasimama kama aliyefungiwa mlango?"

"Anapenda kuoga," Sukhadabai akamjibu.

Haukupita muda, rangi ikaanza kubanduka. Mara hodi. Kufungua, ni chura.

"Sukhadabai, mgeni wako hajafika kwao. Na rangi yake imenivaa mimi. Nitazame, nusu buluu. Mke wangu kanifukuza, anasema hajaolewa na mtu wa namna hii."

"Kajisugue," Sukhadabai akasema, akafunga mlango.

Mara hodi tena. Ni kambare, masharubu yamelegea.

"Sukhadabai, mgeni wako hajafika kwao. Na maji yana ladha ya mlango uliopakwa rangi jana. Mayai yangu mwaka huu hayakuanguliwa hata moja."

"Pole. Hamia upande wa matete."

"Bwawa ni moja, mama. Upande wa matete ndio upande huuhuu."

Sukhadabai akafunga mlango, ila safari hii polepole. Na jioni ile Mwanakombo akapita na ndoo. "Shoga, ng'ombe wangu kanusa maji, kisha akanitazama kama mimi ndiye mpumbavu. Tutakunywa nini sisi?"

Mara hodi ya tatu. Ni panya wa jasi, anachuruzika maji, sikio moja limemeguka.

"Sukhadabai, mgeni wako hajafika kwao."

"Kwani hapa hapendwi?"

"Anapendwa sana. Lakini kwao ana mama, anamngoja kizingitini, anauliza, mwanangu yuko wapi? Na sisi kila mwaka tuliijua njia ya kuja kwako kwa sababu ulituaga. Safari hii hukutuaga."

Sukhadabai akakaa chini palepale. "Ina maana mwakani hamji?"

"Tutakujaje," panya akasema, "na hatujaondoka?"

Neno hilo likamwingia. Akajifunga sari yake kibwebwe, akamwita Mwanakombo, wakaingia bwawani. Wao wanavuta, kambare anasukuma kwa chini, chura yuko ukingoni anatoa amri na hakuna anayemsikiliza. Sanamu ikatoka. Sukhadabai akachimba udongo ukingoni, akafinyanga mgeni mwingine, mdogo kama ngumi, na panya wake kama harage. Akampaka manjano, akamtia punje za choroko ziwe macho. Akamweka mbele ya yule wa jasi.

"Hamia humu, baba," akamwambia. "Ni padogo, lakini njia iko wazi."

Panya wa jasi akanyamaza. Panya wa udongo akapiga chafya.

Sukhadabai akambeba mgeni wake mdogo hadi mlangoni kwake, akamgeuza aitazame nyumba. "Nenda salama," akasema, kisha akaanza tena. "Nenda salama, mwakani uwahi kuja."

Akamtia majini. Yakaenda masikio, ukaenda mkonga, likaenda lile tumbo. Na Sukhadabai akatazama mpaka mwisho. Kisha akachota konzi ya tope, akaliweka bakulini, dirishani.

Mvua kubwa zikaja, bwawa likajisafisha kidogokidogo. Kambare akapata watoto wasiohesabika. Chura alitakata, mkewe akamrudia, ingawa alisema ile buluu ilikuwa inaanza kumpendeza. Na sanamu ya jasi ikabaki barazani, ganda tupu, shomoro wakajenga nyuma ya sikio.

Asubuhi moja Mwanakombo akapita dirishani. Ndani ya bakuli la tope pamechomoza majani mawili mabichi. Punje ya jicho ilikuwa imekuja na tope.

"Shoga, umepanda nini humo?"

"Sijapanda," Sukhadabai akasema, huku anatoa kibao cha mbuzi. "Mgeni wangu kaleta salamu, amefika kwao. Njoo tukune nazi."

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye tope. Nanyi iageni vizuri, ijue njia ya kurudi.