Kadi ya Idi ya Mwanakombo

Rangi zote zikisema, hakuna isikikayo. Ndiyo, nimesema, na nitarudia. Usininunie, Mishi. Hiyo kadi mnayomtengenezea mwalimu wenu anayehama, wewe na Twaha, naona mmeitolea jasho. Lakini tangu nimeishika naigeuzageuza, na bado sijajua mnamwambia nini huyo mwalimu. Mnamuaga au mnamfukuza?

Haya, mnauliza methali hiyo nimeitoa wapi. Sikuitoa mbali. Imezaliwa humu humu katika ukoo wenu, na mimi nilikuwepo. Wekeni gundi chini, msije mkaniharibia mkeka, msikie ilivyoanza.

Mama yake babu yenu, Bi Hidaya, alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Mwanakombo. Mama yao alifariki Mwanakombo akiwa bado ananyonya. Hidaya mwenyewe alikuwa msichana tu, lakini alimbeba mdogo wake mgongoni, akamlisha uji, akamsuka nywele, akamfundisha kusoma, na wakati wake ulipofika akamwoza. Mwanakombo hakujua mama mwingine.

Sasa siku ya harusi yangu, naolewa na babu yenu, Mwanakombo alipewa kazi ya pilau. Pilau likachelewa. Wageni wameshanawa mikono, wanatazamana. Hidaya akatoka uani akamkaripia mdogo wake mbele ya watu, kama alivyozoea kumkaripia tangu utotoni. Mwanakombo moshi umemjaa machoni, jua la mchana linamwakia kichwani. Akageuka na mwiko mkononi, akasema: "Usinifokee! Kwani wewe ulinizaa?"

Jamani! Hidaya akajifunika kanga usoni, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakumsemesha mdogo wake. Wakikutana msibani humpa mkono bila kumtazama. Mwanakombo alituma shemeji, akatuma wazee, na jibu likawa lile lile: "Mwambieni mimi sikumzaa."

Enzi hizo mtaani kwetu tulipelekeana kadi za Idi, na Mwanakombo ndiye aliyekuwa fundi wa kuzitengeneza, nyingine akiziuza. Alikata maua ya karatasi kwa mkasi mdogo, akabandika lesi, vipande vya kanga, na ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za sigara. Alikuwa na kopo la unga wa kumetameta alilolificha kuliko dhahabu yake. Na alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea: kuacha mahali peupe kwenye kadi ni uchoyo. "Mgeni ukimpakulia wali kidogo mpaka sahani inaonekana, umemtukana," alisema. "Na kadi ni hivyo hivyo." Kwa hiyo kadi ya mtu baki aliipa rangi chache, ya rafiki akaizidisha, na ya dada yake, loo! Kijani juu ya zambarau, zambarau juu ya machungwa, ndege, vipepeo, mwezi na nyota zake. Kila Idi ilizidi ya mwaka uliopita. Katikati aliandika kwa manjano maneno marefu ya kuomba radhi, akayazungushia maua ili yapendeze.

Mimi nilikuwa naishi kwa mama mkwe, kwa hiyo najua kadi hizo zilipokewaje. Bi Hidaya aliishika, akaipapasa, akasonya. "Kaniletea tena mapambo ya biashara yake. Neno hata moja hakuniandikia." Kisha akaisokomeza chini ya godoro. Hakuzitupa, mjue. Alizilalia zote.

Nikadhani ni hasira tu, kwa maana maneno yalikuwapo. Halafu nikaanza kuona mambo. Akimimina chai hutia kidole kwenye ukingo wa kikombe ili ajue imejaa. Akichagua mchele huchagua kwa vidole, macho anatazama ukutani. Siku moja mbuzi wa jirani alisimama mlangoni, naye akamwambia, "Karibu mwanangu, pita ndani." Nikajiuma ulimi nisicheke. Lakini kumwambia mama mkwe wangu kuwa haoni vizuri, tena yeye mwenyewe anaficha, ningeanzia wapi? Nilikuwa mkwe tu, mtoto mbele yake. Nikanyamaza.

Mpaka asubuhi moja, Ramadhani iko ukingoni, nikapita mbele yake kwa mbali naelekea sokoni. Yeye amekaa kwenye kiti chake ukumbini. Akasema, "Leo umejifunga Wema Hauozi. Inakupendeza."

Nikasimama pale pale. Kikombe hakioni, mbuzi hamjui, na kanga yangu ameisoma! Nikajitazama. Ilikuwa kanga nyeupe, pindo jekundu, katikati, kwenye mji wake, maua mekundu machache, na jina lake limeandikwa kwa herufi nyeusi nene, halina kitu kinacholisumbua. Sokoni sikwenda tena. Nikakata kona moja kwa moja hadi kwa Mwanakombo.

Nilimkuta mkekani, kadi ya dada yake iko mapajani, imeshajaa mpaka kingo zinajikunja kwa gundi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mkwe wangu. Hebu tazama! Mwaka huu nimemtilia hata shanga. Safari hii moyo wake utalainika."

"Umemwandikia nini?"

"Si hayo hapo katikati?" Akapeleka kidole. Akakizungusha. "Yako hapa... hapana, hilo ni jani. Ngoja." Akaisogeza dirishani, akaitafuta tena, yeye mwenyewe aliyeandika!

Nikavua kanga yangu ya juu, nikaitundika kwenye kamba upande wa pili wa ua. "Na ile, mama mdogo, unaisoma?"

"Wema hauozi. Nani asiyeisoma?"

"Mama kanisomea hiyo hiyo asubuhi hii, nami niko mbali naye. Kadi zako hajasoma hata moja. Kila mwaka anasema humwandikii neno."

Mkasi ukamponyoka. "Kwani Hidaya macho yake..."

"Mimi sijasema kitu," nikamwambia. "Mimi ni mkwe tu."

Mwanakombo akalia, akalia kwa sauti kama mtoto. "Ole wangu! Miaka yote namlilia dada yangu, kumbe nampelekea takataka!"

Alipokwisha kulia akachukua karatasi nyeupe, mpya. Akaitazama, akaogopa. "Mkwe, kadi gani hii iko uchi? Atasema nimemnyima."

"Kanga yangu iko uchi?"

"Kanga ina pindo."

"Basi nayo ipige pindo."

Akaipiga pindo jekundu, jembamba, pande zote nne. Pembeni akabandika waridi moja, jekundu vilevile, na jani lake la kijani. Mkono ukaanza kutambaa kuelekea lile kopo la kumetameta. "Kidogo tu," akasema, "tone moja." Nikalichukua kopo nikalikalia. Akaninunia, lakini hakuliomba tena.

Ikabaki katikati, nyeupe tupu. "Maneno yangu yote hayaenei hapa," akasema.

"Chagua yanayoenea."

Alifikiri mpaka wino ukaanza kukauka kwenye kalamu. Kisha akaandika maneno mawili, meusi, manene, kila herufi na nafasi yake. Nilipoyasoma nikageuzia uso ukutani, kwa sababu nami nilikuwa na mama yangu mbali.

Idi ikafika. Wanaume wametoka kuswali, nyumba inanukia udi, nami nikampelekea Bi Hidaya kadi yake. Akaishika, akaipapasa kama desturi yake. Hakukuta shanga wala lesi. "Mwaka huu hata mapambo kanikatia?" akasema, na sauti ilimshuka. Nikajua ameumia. Basi, nikasema moyoni, nimeharibu.

Lakini kabla ya kuisokomeza chini ya godoro aliinyoosha mbele yake, kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Mkono ukabaki pale pale. Midomo ikaanza kucheza.

"Ma... ma," akasoma. Akapumua. "Ni-sa-mehe."

Akarudia. "Mama, nisamehe." Kisha akaniuliza polepole, "Nani kaandika hivi?"

"Mama mdogo. Mwanakombo."

"Kaniita mama?"

"Kakuita mama."

Machozi yalimtiririka hata hakuyafuta. Akasimama, akapapasa ukutani. "Nipe buibui langu. Nishike mkono unipeleke."

Sasa nyinyi watoto wa siku hizi hamjui uzito wa jambo hilo. Siku ya Idi mdogo ndiye anayekwenda kumpa mkono mkubwa. Lakini Bi Hidaya alipita mtaa mzima ameshikwa mkono na mkwe wake, kila mtu anaona, na hakujali. Mwanakombo alipofungua mlango alipiga magoti papo hapo kizingitini. Dada yake akamwinua.

"Miaka yote hii umeninyamazia kwa nini?" Hidaya akauliza.

"Sikukunyamazia, wallahi. Kila Idi nilikuandikia. Maneno yalikuwemo, dada, yalikuwemo katikati ya maua."

"Dada tena? Mbona umeshanishusha cheo?"

Mwanakombo akacheka huku analia. "Yalikuwemo, mama."

"Huenda yalikuwemo," Bi Hidaya akasema, "lakini ulinipelekea soko zima linapiga kelele, nikutambue wewe kwa sauti ipi? Rangi zote zikisema, mwanangu, hakuna isikikayo."

Hapo ndipo ilipozaliwa. Tukaibeba sisi wanawake majikoni, kwenye ngoma, kwenye mikutano ya harusi, mpaka leo watu wanaisema na hawajui ya nani. Mzee mmoja akizungumza mambo kumi kwa pumzi moja, utamsikia mtu anaisema chini chini.

Na macho? Mwanakombo ndiye aliyempeleka hospitali, akatolewa mtoto wa jicho. Bi Hidaya aliporudi, jambo la kwanza aliinua godoro, akazitandaza kadi zote kitandani, akazitazama moja moja. "Yaarabi," akasema, "huyu mtoto niliyemlea ana wazimu!" Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini kila moja aliisoma mpaka mwisho.

Eh, Twaha, unabandua nini hapo? Vipepeo? Bandua, mjukuu wangu, usiwaonee huruma. Na hizo nyota. Ua liache, hilo moja, ni zuri. Mishi, sogea hapa kwenye mwanga uishike mbali kidogo. Hivyo hivyo. "Mwalimu, ulitupenda." Kumbe ndiyo mliyokuwa mnataka kumwambia! Maneno mazuri namna hii, nanyi mlikuwa mmeyazika. Mpelekeeni kesho kabla hajapanda gari, na akiwauliza nani kawafundisha kuacha peupe, mwambieni ni bibi mkubwa wetu Hidaya: rangi zote zikisema, hakuna isikikayo.