Tuta Lililonenepa

"Ngano ninayo, niitupe?"

"Itupe, tutaidaka!"

"Ikianguka?"

"Tutaiokota!"

"Ikiingia mchanga?"

"Tutaipuliza tuile hivyo hivyo!"

Haya. Midomo fungeni, masikio fungueni.

Hapo zamani, katika bonde lililo chini ya kilima cha changarawe, alikaa Bi Fuko na wanawe watatu: Chimbu, Fukua, na kitindamimba wao, Kiduchu. Fuko mnamjua. Ni mnyama wa kujaa kiganjani, macho yake kama punje za mtama, tena hayamsaidii kitu. Meno yake mawili ya mbele ni marefu, ndiyo jembe lake. Hana mbio, hana pembe, hana ukoo wa kumtetea barazani.

Kila masika maji yaliingia shimoni kwake. Chururu! Kitanda cha nyasi kikaelea, watoto wakalia. Masika yaliyopita maji yalimbeba Kiduchu mpaka mlangoni, mama yake akamdaka kwa mkia, naye akatapika matope mpaka jioni. Tangu siku hiyo Bi Fuko hakulala usingizi wa maana. Wingu likipita, moyo unamwenda mbio. Usiku anaamka, anapapasa watoto: Chimbu yupo, Fukua yupo, Kiduchu yupo. Kisha anapapasa tena, asije akawa amempapasa mmoja mara mbili.

Siku moja akasema, "Wanangu, maji tuliyoyaona yalikuwa salamu tu. Yenyewe yanakuja. Sisi tunahamia kilimani."

"Lini, mama?"

"Tukifika."

Kupita juu ya nchi haikuwezekana. Juu kuna mwewe, kuna bundi, kuna paka wa mwituni. Njia ya fuko ni chini kwa chini, na kutoka bondeni mpaka kilimani ni mbali. Kwanza kuna udongo tifutifu, halafu mfinyanzi, halafu changarawe inayovunja meno. Jirani yake aliposikia, alicheka mpaka akapaliwa.

"Dada, utafika kilimani kwa meno hayo?"

"Kwa haya haya, shoga. Yanaota kila siku. Nisipoyatumia yatanitoboa kidevu."

Bi Fuko akajiwekea sheria. Kila siku atachimba urefu wa mwili wake mwenyewe, kutoka pua mpaka mkia, basi. Siku ya udongo laini asizidishe, maana anayezidisha leo, kesho hulala kitandani akijisifu. Siku ya udongo mgumu asipunguze, maana anayepunguza leo, kesho hupunguza tena. Akaanza. Kwaru, kwaru, kwaru! Akifika kipimo chake anaimba:

*Pua mpaka mkia,*
*ya leo imetimia!*

Jioni watoto wanauliza, "Mama, tumefika?"

"Bado."

"Tumekaribia?"

"Tumekaribia kuliko jana."

Sasa, mwenye kuchimba kutwa hana nafasi ya kuzurura akitafuta chakula. Bi Fuko alikuwa na kiazi kikuu kimoja, mizizi chini, mti wake ukitambaa juu ya kijiti. Nacho kilikuwa na sheria yake. Walikula kwa chini tu, kipande cha kutosha, kisha wakakiziba kidonda kwa udongo mbichi. Kiazi kikapona, kikashuka tena. Kichwa cha kiazi, pale mti unapoota, hakiguswi.

"Kichwa ndicho kitamu, mama," Chimbu alilalamika.

"Najua ni kitamu. Ukila kichwa umekula na kesho."

Ikabaki shida moja: udongo wote ule autupe wapi? Aliusukuma juu kando ya mti wa kiazi, kila siku kidogo, likafanyika tuta.

Na tuta ndilo lililomwita Bwana Ngiri.

Bwana Ngiri alikuwa na meno yaliyopinda kama mundu na mkia uliosimama wima kama mti wa bendera. Akila hupiga magoti ya mbele, na msidhani ni adabu, ni shingo tu fupi. Alikuwa amekwisha kula bonde zima: mizizi ya nungu, muhogo wa nyani, hata matandiko ya sungura. Akafika, akanusa.

"Ngr! Ngr! We kipofu wa chini! Nasikia harufu ya kiazi kikuu."

Bi Fuko akatoa pua. Sauti ikatoka imenyooka. "Karibu, Bwana Ngiri. Pua yako haikosei."

"Toka hapo nikile."

"Kile, bwana wangu. Ila nakuonea huruma."

"Huruma? Wewe unionee mimi huruma?"

"Kiazi chenyewe leo ni kama mguu wangu mimi. Utakimeza bila kukitafuna, halafu watu watauliza: yule Ngiri mkubwa, amekula nini? Amekula kidole."

Bwana Ngiri akapiga magoti, akafukua kidogo, akaona kichwa cha kiazi, kidogo kweli. Akakunja uso. "Na nikingoja?"

"Ukingoja kinanenepa."

"Nitajuaje kinanenepa, nami siwezi kukiona?"

"Tazama tuta. Kiazi kikinenepa chini, udongo unakwenda wapi? Unapanda. Leo tuta limekufika gotini. Likikufika tumboni, kiazi ni kama paja lako."

Bwana Ngiri akalitazama tuta, akatazama paja lake, akalipenda. "Basi kuanzia leo ni mali yangu. Ukilikanyaga tuta langu, nitakutafuna wewe na hao punje wako watatu."

"Sitalikanyaga, bwana wangu. Naapa kwa meno yangu."

Naye hakulikanyaga hata siku moja. Alikuwa chini yake.

Basi Bi Fuko akachimba: kwaru, kwaru, pua mpaka mkia. Na kila alipochimba udongo ulipanda, na kila ulipopanda Bwana Ngiri alifurahi. Alikuja asubuhi kulipima tuta kwa kifua. Alikuja mchana kulipima tena. Nyani akikaribia, ngr! anafukuzwa. Nungu akipita mbali, ngr! anafukuzwa. Jioni Bwana Ngiri alilala juu ya tuta lake akiwaambia ndege, "Nimelala juu ya utajiri." Alikonda, maana hakwenda malishoni, lakini alikonda kwa furaha.

Tuta likamfika tumboni. Akapiga magoti achimbe.

"Hongera, bwana wangu!" Bi Fuko akasema kutoka chini. "Chimba ule paja lako. Kiboko nitamwambia asije tena."

"Kiboko? Kiboko alikuja hapa?"

"Alipita tu. Akasema, huyu Ngiri akiweza kungoja mpaka tuta limfike kwenye meno, atachimba paja la kiboko mzima. Halafu akacheka. Akasema, lakini ngiri ni ngiri, hawezi."

"Nani hawezi?"

"Amesema yeye, bwana wangu, si mimi."

"Mwambie nitangoja! Mwambie nitangoja mpaka akome!"

Akangoja.

Huko chini, Bi Fuko alimaliza tifutifu, akamaliza mfinyanzi, akaingia changarawe. Kwaru ikawa kru, kru. Hapo akakutana na jiwe. Akagonga kulia, jiwe. Akagonga kushoto, jiwe. Akaanza kulizunguka, na kulizunguka ni kwenda kando, si kwenda mbele.

Jioni Kiduchu akauliza, "Mama, tumekaribia kuliko jana?"

Bi Fuko alitaka kudanganya, ulimi ukamkatalia. "Leo hapana. Leo tunazunguka jiwe."

Kesho yake vile vile. Na kesho yake. Meno yalimuuma mpaka masikioni. Akawaza: kama ningekaa bondeni kama wenzangu, ningekuwa nimenenepa sasa. Masika yenyewe labda hayaji. Na yakija, labda hayatakuwa makubwa. Na yakiwa makubwa, labda Kiduchu amejifunza kuogelea. Mwenye njaa ana labda nyingi.

Akarudi taratibu mpaka chini ya kiazi. Akakipapasa kichwa chake, kinono, kimejaa utamu. Akafungua mdomo. Jino likagusa ganda. Kwaru.

"NANI ANAKWARUZA MALI YANGU?"

Juu tuta lilitikisika. Bwana Ngiri alikuwa amesimama kwa miguu yote minne, anatweta. "Nasema nani? Nitamtoboa!"

Bi Fuko akafunga mdomo. Halafu akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka mbavu zikamuuma. Watoto wakaja mbio.

"Mama, kuna nini?"

"Wanangu, wengine hufunga ghala kwa komeo, na ufunguo wanao wenyewe. Mimi nina mlinzi ambaye hata mimi mwenyewe hataki niibe! Tena hali mshahara."

Akarudi kwenye jiwe siku ile ile. Kru, kru, kru. Pua mpaka mkia. Siku ya nne pua yake ikagusa changarawe iliyo wazi, upande wa pili wa jiwe, na changarawe ile ilikuwa kavu. Akaiweka ulimini, akairamba kama chumvi.

"Mama, tumekaribia?"

"Tumekaribia kuliko jana!"

Tuta likamfika Bwana Ngiri kwenye meno. Na siku hiyo hiyo wingu jeusi likakaa juu ya bonde, likakataa kuondoka.

Bwana Ngiri akapiga magoti. "Leo nala."

Bi Fuko alikuwa mbali huko juu. Alisikia ardhi ikitetemeka. Kilima hakijatoboka. Kimebaki kipimo cha siku moja. Akateremka mbio mpaka chini ya tuta.

"Bwana Ngiri, ukingoja kidogo tu, tuta likufike masikioni..."

"Sitaki."

"Kitakuwa paja la tembo, bwana wangu."

"Hata kiwe tembo na shangazi yake! Nimengoja, nimekonda, mkia wangu umekuwa mzito kuliko mimi. Leo nala!"

Tone la kwanza la mvua likaanguka, to! Likaanguka la pili. Bi Fuko akamkumbuka Kiduchu na matope mdomoni, na akili ikamjia.

"Basi chimba, bwana wangu, ni haki yako. Ila nakuomba, usianzie ubavuni."

"Kwa nini?"

"Kiazi kimejaa mpaka kando. Ukianzia ubavuni utakikata, vipande vitaruka, na nyani wako juu ya mti wanangoja. Anza kileleni. Ondoa udongo kidogo kidogo, kipande chochote kisipotee."

Bwana Ngiri akawatazama nyani. Nyani wakamtazama. Lo! Akapanda kileleni mwa tuta, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa ncha ya pua, taratibu kama anayefunua chungu cha mtu mwingine. Na tuta, mnakumbuka, lilikuwa mzigo wa njia nzima.

Huko chini Bi Fuko akakata kichwa cha kiazi kwa upande wa chini, krup! Huko chini kiazi kilikuwa kimebaki kisiki tu, walikwisha kukila. Hata mara hii hakukila. Akakibana mdomoni, akawasukuma watoto mbele yake. "Twende! Twende!" akaguna nacho mdomoni. Nyuma yao maji yalikwisha kuingia shimoni, chururu, yakinusa kitanda chao. Akafika mwisho wa njia, akatua kichwa cha kiazi, akauma changarawe. Kru, kru, kru! Siku hiyo hakuimba. Kru, kru, kru! Jino la kulia likakatika ncha. Akatumia la kushoto.

Pu!

Upepo ukaingia. Upepo mkavu, wenye harufu ya majani na mawe.

"Mama," Kiduchu akanong'ona, "tumefika?"

Bi Fuko akapapasa: Chimbu, Fukua, Kiduchu. Hakurudia kupapasa. "Tumefika."

Bondeni Bwana Ngiri alikuwa amemaliza tuta lote. Akaona mti wa kiazi umesimama, akaramba midomo, akaukumbatia kwa meno yote mawili, akavuta kwa nguvu zake zote. Ukatoka kama uzi kwenye siagi. Naye akapitiliza, gubu! kichwa chini ndani ya shimo, mkia juu unapepea mvuani. Nyani walicheka mpaka mmoja akaanguka.

Akapiga kelele mle ndani, na sauti ikapanda njia yote mpaka kilimani. "We Fukooo! Kiazi changu kiko wapiii?"

Sauti nyembamba ikateremka. "Kimehama, bwana wangu! Kimekuja huku kilimani, kwa miguu!"

"Kiazi hakina miguu!"

"Ndiyo maana kimechelewa!"

Maji yakamfika puani. Akajinasua, akatimua mbio, mbio, mkia juu, na mpaka leo ngiri akikimbia husimamisha mkia, asije akasahau upande upi ni juu. Bi Fuko akafukia kichwa cha kiazi mlangoni pake, watoto wakalala chini penye ukavu, naye akalala katikati yao, akakoroma kuliko wote.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo ni mchuzi bila chumvi. Funzo ni hili: kungoja hakuna faida. Muulizeni Bwana Ngiri! Alingoja, akavumilia, akalinda, akapima kila siku, akapata nini? Alipata matope puani. Kwa hiyo ninyi mkipata kiazi leo, kileni leo, na kichwa chake, na ganda lake. Mkiona tuta linapanda, furahini tu, wala msiulize chini yake kuna nani anafanya nini.

Nasikia mtu huko nyuma anauliza, na Bi Fuko je?

Bi Fuko msimtaje. Anaharibu funzo.

Ngano imekwisha, koo limenikauka. Mwenye maji anipe ninywe, mwenye ubishi akalale nao.