Feni ya Mzee Ngoda

"Feni hujulikana gari lisimamapo." Leo mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo kaka yake aliyestaafu juzi, nanyi mkacheka mkidhani anazungumzia magari. Mmefanya vyema kuja kuuliza. Methali haichipui yenyewe kama uyoga. Kila moja ina mtu wake na mahali pake. Hii ilizaliwa Korogwe, na mtu wake alikuwa dereva, Elieza Ngoda.

Ngoda hakuwa na mtoto. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na shamba ila migomba michache nyuma ya jiko, hakuwa na meno mawili ya mbele, wala hakuwa na subira. Hakuwa na rafiki wa kuzungumza naye jioni, maana rafiki humtaka mtu anayekaa. Na mwaka ninaousimulia, hakuwa na mke ndani ya nyumba.

Tangu ujana wake alikuwa akiendesha malori ya mkonge, leo Tanga, kesho Songea. Nyumbani alifika kama mgeni. Kuku alichinjwa, maji ya kuoga yalipashwa moto, Damari mkewe alicheka mpaka majirani wakasikia, na kesho yake kwa heri. Hawakuwahi kugombana. Watu waliokuwa na ndoa ngumu waliambiwa waende wakawatazame.

Kisha akastaafu, akanunua kwa kiinua mgongo chake gari dogo jeupe la zamani, akakaa. Hapo nyumba ikapata joto. Chumvi imezidi. Nani kahamisha redio? Mbona mlango wazi? Kutwa ilikuwa sauti yake. Damari alivumilia tangu mahindi yalipopandwa mpaka yalipovunwa, kisha asubuhi moja akafunga vitenge vyake na kwenda kwa kaka yake huko Soni. Hakutukana. Alisema tu, "Mume wangu, nilikuzoea ukiwa safarini."

Majirani wakanong'ona kwamba mapenzi yamekwisha. Ngoda naye akaamini hivyo, akawa mtu wa kulala na redio ikiwa inaongea.

Gari nalo likaanza vituko. Kiyoyozi chake, maana neno lake ni hilo ingawa wengi husema eisii, kilikuwa kinapoza vizuri kwenye barabara kuu, lakini gari likisimama sokoni kinapuliza joto kama mdomo wa tanuri. Ngoda akasema, "Gesi imekwisha." Akajaziwa gesi. Joto likarudi. Akajaziwa tena. "Basi inavuja," akasema. Yeye aliamini kwamba kitu kisipofanya kazi, kimekwisha, na dawa ni kujaza kingine au kukiacha.

Ikafika harusi ya Eunike, binti wa mdogo wake. Ndoa ilifungwa Mombo, na sherehe ilikuwa Korogwe. Ngoda ndiye aliyewabeba maharusi. Damari alimletea Eunike kitenge kwa mkono wa mtu, yeye mwenyewe hakuja.

Kutoka Mombo gari lilikimbia vizuri na ndani kulikuwa na ubaridi. Lakini pale mjini pikapu ya matarumbeta ilikuwa inawasubiri, na mnajua matarumbeta: watu hucheza mbele ya gari, na gari hutambaa nyuma yao kama kinyonga. Hawakuwa wamefika hata nusu ya barabara ya soko, joto likajaa ndani. Mshale wa joto la injini nao ukaanza kupanda.

"Baba mkubwa," Eunike akasema, "poda yangu imefika kidevuni. Tukifika ukumbini Hiza atakuta ameoa mtu mwingine."

"Mimi nimeshatia saini," akasema Hiza, bwana harusi, huku akijipepea kwa kadi ya mwaliko. "Nitamchukua atakayebaki."

Mpiga tarumbeta mmoja akainama dirishani. "Mzee, sisi tulisema mlete bibi harusi. Hatukusema aokwe!"

Watu wakaangua kicheko. Ngoda akabonyeza honi kwa hasira, ndefu, mpaka watu wakasogea. "Gesi imekwisha," akasema.

"Imekwisha lini?" Eunike akauliza. "Kutoka Mombo nilitetemeka mpaka Hiza akanivika koti lake. Baba mkubwa, kilichokwisha hakiendi na kurudi."

Ngoda akaegesha pembeni, akaacha injini na kiyoyozi vikiwaka, akafungua boneti.

Feni ilikuwa imelala. Haikuwa imechoka wala kuzunguka polepole. Ilikuwa kimya kabisa. Ngoda hakuwahi kuitazama, kwa sababu feni za malori yake zilivutwa na mkanda, injini ikiwaka nazo zinazunguka. Hii ilikuwa ya umeme, na ingeweza kufa peke yake bila kumwambia mtu. Gari likikimbia, upepo wa barabara ulipita mbele ukapoza rejeta ya maji ya injini na mabomba ya kiyoyozi, ukaifanyia feni kazi yake bure. Gari likisimama, hapakuwa na wa kupuliza.

Akazima injini. Akafungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya feni ilikuwa nzima. Kando yake palikuwa na kile kidude cheusi cha mraba kinachopitisha umeme, ambacho mafundi hukiita rilei. Akaona kwamba ya feni na ya honi ni pacha. Akaing'oa ya honi, akaipachika penye feni, akawasha gari. Feni ikanguruma.

"Na honi?" Hiza akauliza. "Harusi gani haina honi, mzee?"

"Honi imesema vya kutosha," Ngoda akajibu.

Msafara ukaendelea. Magari yote ya nyuma yalipiga honi, la maharusi tu likawa kimya, na ndani yake ubaridi ukarudi taratibu huku matarumbeta yakitambaa mbele.

"Mama mkubwa angefurahi kuyaona haya," Eunike akasema polepole. "Kwa nini hakuja?"

Ngoda alishika usukani kwa mikono miwili. "Nilidhani imekwisha," akasema.

"Nini?"

"Gesi."

Kesho yake, baada ya chai, alizima redio, akaketi kuandika. Si mtu wa kalamu, lakini aliandika hivi:

"Mke wangu Damari, gari limepona. Gesi ilikuwamo siku zote. Kilichokufa ni feni, nami sikujua kwa sababu nilikuwa naenda, na upepo wa njia ulinifanyia kazi yangu. Nyumbani kwetu ni vivyo hivyo. Nilijiita mume mwema, kumbe ulikuwa upepo wa safari. Niliposimama, badala ya kukupepea nikawa honi. Ya gari nimeing'oa. Ya mdomoni inanipa taabu, ila nimeishika. Sikuamrishi urudi. Jumamosi nitakuja Soni, nitaegesha mbele ya nyumba ya shemeji, na sitapiga kelele kukuita. Ukipenda, toka uketi nami kidogo, gari likiwa limesimama, uone kama kuna ubaridi. Feni hujulikana gari lisimamapo. Ni mimi, Elieza."

Akaikunja karatasi, akaitia katika bahasha, akalamba gundi. Penye pengo la meno ulimi uliruka sehemu, akalamba tena, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akatembea kwa miguu hadi stendi, akamkabidhi konda wa basi la Soni, akasimama pale pale mpaka basi lilipoondoka.